Je, Wajua? Kilo kwa Kilo, Kutoka Getini Hadi Kileleni

Je, wajua kwamba mzigo anaobebeshwa mpagazi wa Kilimanjaro haupaswi kuzidi kilo 20, na kwamba hupimwa getini kabla msafara haujaanza kupanda? Pale Machame utakuta mabegi, magunia ya viazi, mitungi ya gesi na viti vya kukunja vimepangwa chini, kila kimoja kikingoja zamu ya mizani. Kampuni nyingi humwekea mgeni kikomo cha kilo 15. Ndiyo maana orodha nzuri ya vifaa haianzi na swali la "nini kitanifaa?" bali "nani atakibeba?"

Je, wajua kwamba begi hilo kubwa ukishalikabidhi, hulioni tena mpaka jioni? Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, hukupita na kukuacha na mwendo wako wa pole pole. Unachobaki nacho ni kibegi chako cha mgongoni. Humo ndimo mnamotakiwa kuwa na koti la mvua, sweta, maji, kofia, mafuta ya kukinga jua na kitu cha kutafuna. Ukiliacha koti kwenye begi kubwa na mvua ikakukuta msituni saa saba mchana, koti lako liko mbele huko, kichwani kwa mtu, na halirudi.

Orodha maarufu duniani ya "vitu kumi vya lazima" ilitungwa miaka ya 1930 na The Mountaineers, klabu ya wapanda milima ya Seattle, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1906. Vitu vyenyewe: ramani, dira, miwani ya jua pamoja na mafuta ya kukinga jua, nguo za ziada, tochi, vifaa vya huduma ya kwanza, kitu cha kukolezea moto, kibiriti, kisu na chakula cha ziada. Soma tena. Maji hayamo, na hema halimo. Orodha ilipopangwa upya mwaka 2003 ndipo maji na hifadhi ya dharura vikaingizwa rasmi.

Je, wajua kwamba Kilimanjaro hakuna ruhusa ya kukata wala kuwasha kuni? Kwa hiyo kile cha kukolezea moto kiache nyumbani. Kibiriti kinatosha, nacho ni cha jiko.

Je, wajua kwamba kilo moja mguuni haiwi sawa na kilo moja mgongoni? Watafiti wa jeshi la Marekani waliwapima askari wakitembea, wakakuta kwamba uzito wa kiatu humchosha mtu mara nne hadi sita zaidi ya uzito uleule ukiwa mgongoni. Buti zito la ngozi lenye sura ya ushujaa unalinyanyua maelfu ya mara kwa siku. Kama unatafuta pa kupunguza uzito, anzia chini.

Na hapo hapo kwenye kiatu, hili linawahusu hasa wanunuzi wa mitumba. Je, wajua kwamba soli ya buti inaweza kuoza ikiwa kabatini, bila kuvaliwa? Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu la polyurethane kati ya ngozi na mpira wa chini. Povu hilo hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika polepole kwa miaka. Kwa macho buti ni jipya kabisa, kamba safi, ngozi inang'aa. Siku ya pili ya safari soli inabanduka yote kwa mpigo na kubaki kwenye tope. Ukienda soko la Memorial pale Moshi, au Gikomba jijini Nairobi, usiridhike na kutazama. Likunje buti kwa nguvu mpaka pua iikaribie kifundo, kisha bonyeza kwa ukucha ule mstari wa povu ubavuni. Likitoa nyufa ndogo ndogo au unga, lirudishe hata kama muuzaji anashuka bei. Anashuka bei kwa sababu anajua. Viatu vya kukodisha navyo vipime hivyo hivyo, tena mbele ya mwenye duka.

Soli ya mpira yenye meno, ambayo leo karibu kila buti inayo, ilizaliwa kutokana na msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika Alpi upande wa Italia baada ya kunaswa na hali mbaya ya hewa wakiwa na viatu vyepesi. Mwenzao Vitale Bramani alirudi akitafuta soli moja itakayoshika mwamba na kufaa kwenye theluji. Miaka miwili baadaye, kwa msaada wa fedha za kampuni ya matairi ya Pirelli, akawa nayo. Kabla ya hapo watu walipigilia misumari ya chuma chini ya buti za ngozi, na chuma kilipitisha baridi moja kwa moja hadi unyayoni.

Lakini je, wajua kwamba kuna mlima Afrika Mashariki ambako kiatu bora kwa siku nyingi za njia ni gambuti la shamba? Ni Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mabonde yake ni kinamasi juu ya kinamasi, na hakuna buti la bei yoyote litakalobaki kavu mahali ambapo tope linafika magotini. Wenyeji walilijua hilo zamani. Wageni hujifunza siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000? Piga hesabu: Moshi mjini nyuzi 25, na Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, iko kama mita 5,000 juu yake. Unaangukia nyuzi saba hivi chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Kwa kuwa safari ya kileleni kwa kawaida huanza karibu na usiku wa manane, tochi inatakiwa iwe ya kichwani. Mikono ina kazi ya fimbo, na inataka kukaa ndani ya glavu.

Jinzi? Hapana. Pamba hunyonya maji na kuyang'ang'ania, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili mpaka unaanza kutetemeka. Sufu inaweza kubeba unyevu unaofikia karibu theluthi ya uzito wake na bado ikakupa joto. Sweta la sufu la mtumba, lile ambalo watu wa Dar wanalipita bila kuligusa, mlimani ni mali. Fulana ya michezo ya nailoni au poliesta ndani, sweta katikati, koti lisilopitisha upepo na maji nje: matabaka matatu, unavua na kuvaa kadiri unavyopata joto. Mtu mwenye koti moja nene ana mambo mawili tu, kutokwa jasho au kuganda.

Mwaka 1922 mpanda milima George Finch alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe: kitambaa cha puto la anga nje, manyoya laini ya bata ndani. Wenzake, waungwana wa sufu na hariri, walimcheka. Baridi ilipowashukia kicheko kikaisha. Leo makoti yanayofuata wazo hilo yamejaa kila duka la kukodisha vifaa pale Moshi. Kasoro yake ni moja, manyoya yakilowa hujikunja na joto linakwisha. Kwa Kilimanjaro, ambako msitu unaweza kukunyeshea siku nzima, koti la manyoya lifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji mpaka ufike kwenye ukavu.

Lakini mfuko wa plastiki wa sokoni usahau: Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi Kilimanjaro. Beba chupa ngumu za kujaza tena.

Tukiwa kwenye chupa: je, wajua kwamba usiku wa kileleni chupa inafaa ibebwe kichwa chini? Maji huanza kugandia juu. Chupa ikiwa imepinduliwa, barafu inajitengenezea kwenye kitako na mdomo unabaki wazi. Ule mrija wa kunyonyea maji kutoka kwenye begi, unaopendeza sana mchana, ndio wa kwanza kuziba kwa barafu.

Je, wajua kwamba Barafu, kambi ya mita 4,673 ambako watu wa njia ya Machame huanzia safari ya kileleni, haina maji? Mahali pa mwisho pa kuchota ni bonde la Karanga. Kila kikombe cha chai unachokunywa Barafu, kila sufuria ya supu, vimepandishwa na mtu. Ukiwa na desturi ya kumwaga maji ya kunawia nusu karai, pale utaiacha.

Kuchemsha nako kuna mambo yake. Kwenye kilele cha Uhuru shinikizo la hewa ni kama nusu tu ya lile la pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, huchemka karibu na nyuzi 88. Maji yanatokota kwa kelele zote lakini maharage yako pale pale, magumu. Ndiyo sababu mpishi wa mlimani anayejua kazi hachukui maharage makavu. Huyapika kabisa bondeni, au anakuwa na sufuria ya presha. Kwa maji ya kunywa, wataalamu wa afya hushauri kuyaacha yachemke dakika moja ukiwa chini, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000.

Wenye vichujio vya mkononi nao wasijidai sana. Vingi vyenye matundu ya sehemu ya kumi ya maikroni huzuia bakteria na vijidudu vya kuhara, lakini virusi ni vidogo mno, vinapita. Tena kichujio cha mirija myembamba kikigandishwa na baridi mara moja tu, mirija inapasuka ndani na nje huoni kitu. Kinaendelea kutoa maji, ila hakichuji. Usiku kilaze pamoja nawe ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na simu na betri za tochi, kwa maana baridi hunyausha betri na asubuhi unakuta simu iliyolala na asilimia 60 imezimika.

Je, wajua kwamba mtungi wa gesi ya buteni hugoma karibu na nyuzi sifuri? Buteni hugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri; baridi ikizidi hapo inabaki kimiminika ndani ya mtungi na jiko linakohoa. Propeni hufanya kazi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Soma lebo na uchukue mtungi wenye mchanganyiko. Na ununue karibu na mlima: mitungi ya gesi hairuhusiwi ndani ya ndege, si kwenye begi la mkononi wala la chini.

Usingizi: watu hutumia fedha zote kwenye mfuko wa kulalia na kusahau godoro. Uzito wa mwili wako huyakandamiza manyoya yaliyo chini yako, na yaliyokandamizwa hayahifadhi joto. Baridi inayokuamsha saa tisa usiku inatoka ardhini. Godoro jepesi la povu ni rahisi, halipasuki, na linafanya kazi ambayo mfuko wa bei mbaya hauwezi. Anayepita njia ya Marangu amepunguziwa mengi, kwani huko kuna vibanda vyenye vitanda na magodoro na hema halihitajiki.

Je, wajua kwamba wapo waliowahi kupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyotengeneza gerezani? Januari 1943 Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika Kambi 354 pale Nanyuki, yaani Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Hawakuwa na nia ya kufika kwao. Walitaka kupanda ule mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia nyaya za miiba, kisha warudi kambini. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamejiandaa kwa siri. Nyundo za wizi ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vilikatwa na kuwa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba za katani za vitanda vyao zikawa kamba za kupandia, na mablanketi yakashonwa kuwa nguo. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Chakula walikuwa wakikidokoa kutoka kwenye posho yao na kukificha.

Barsotti aliugua njiani akabaki kwenye kambi yao ya mlimani. Wale wawili walijaribu kwanza kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana, mita 4,985, na kuacha bendera yao juu. Zile nyundo na kamba zilihimili. Kilichowaangusha ni akiba ya chakula, maana walishuka wakiwa na njaa kali, siku za mwisho hawana karibu kitu. Walirudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha ndani, lakini mkuu wa kambi aliwaachia baada ya saba, kwa kuheshimu uanamichezo wao. Kwa mtu anayeahirisha safari kwa sababu hajapata fimbo za kaboni, habari hii ina dawa.

Yupo na bibi wa Ohio. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mwenye miaka 67 na mama wa watoto 11, aliitembea peke yake njia ya Appalachian huko Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za turubai miguuni na gunia alilolishona mwenyewe begani. Hema lake lilikuwa pazia la plastiki la bafuni. Aliimaliza, na baadaye akairudia.

Si kwamba vifaa havina maana. Mjerumani Hans Meyer aliifikia barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwaka 1887 na kugeuza, kwa kuwa hakuwa na zana za kuipanda. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani: watu wa Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani dhidi ya Wajerumani, walimkamata, na ilibidi akombolewe kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari wa Alpi, wakiwa na shoka la barafu na mpango wa kuletewa chakula kambini na wapagazi. Oktoba 6 wakawa kileleni. Shoka lilikata ngazi kwenye barafu. Chakula cha wapagazi kiliwawezesha kujaribu zaidi ya mara moja.

Kuhusu chakula: gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga nne. Ndiyo maana karanga hulipa gharama ya kubebwa na tikiti maji halilipi. Kashata, karanga na sukari zilizogandishwa pamoja, ni chakula cha mlimani ambacho mabibi zetu walikitengeneza bila kuufikiria mlima. Haiharibiki, haihitaji jiko, na inauzwa stendi.

Je, wajua kwamba begi la mgongoni huchaguliwa kwa urefu wa mgongo na si kwa urefu wa mtu? Pima kutoka ule mfupa uliochomoza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito. Mabega yakiuma, mkanda umelegea.

Kichwa nacho kina siri yake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu nchini Kenya, wale wanaobeba kichwani na wale wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Tafiti za baadaye hazikupata jibu lilelile kila mahali. Ila tazama Mgumu anavyopanda ukuta wa mwamba wa Barranco na begi lako kichwani, mkono mmoja ukishika jiwe, halafu uamue mwenyewe.

Na je, wajua kwamba mjini Moshi kuna mradi, KPAP, unaowaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo? Baridi haichagui mgeni na mwenyeji, na wapo wapagazi waliokufa kwa baridi wakiwa wamebeba mabegi yaliyojaa makoti. Unapokagua vifaa vyako getini, tupia jicho viatu vya anayekubebea.

Harakaharaka sasa. Mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huirudisha hadi asilimia 80 usoni. Miwani ni lazima, weusi wa ngozi haulindi macho. Ukitembea pori la mbung'o, acha nyumbani nguo za bluu na nyeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa rangi hizo kwa sababu zinawavuta. Suruali ya mabaka ya kijeshi uliyoipata mtumbani nayo iache. Tanzania na Uganda raia haruhusiwi kuivaa. Dira iliyonunuliwa Ulaya ya kaskazini inaweza kukwama huku kwetu, sindano ikiinama na kugusa kioo, kwa sababu imesawazishwa kwa mvutano wa sumaku wa kule. Ulizia iliyotengenezwa kutumika kanda zote. Khanga moja hufunga mkono uliovunjika, hukinga jua, hukausha mwili. Ni pamba, ndiyo, lakini haivaliwi ikiwa imelowa.

Na filimbi. Haitaki betri wala mtandao, na sauti yake huenda mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka. Wamarekani hupuliza mara tatu kuomba msaada, kwenye Alpi ni mara sita kwa dakika. Kabla hujaenda dukani kuitafuta, kagua kifungo cha mkanda wa kifuani wa begi lako: mabegi mengi ya kisasa yana filimbi ndogo imejengewa hapo hapo, na wenye nayo wengi hawajawahi kuipuliza.